Yokai si majini, na mwaka 1200 Japani hapakuwa na bunduki

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 21, niko Tanga, naandika riwaya ya fantasia ya vijana, nshafika sura ya tisa. Iko Japani ya zamani, mwaka 1200 hivi. Binti wa miaka 16 anaitwa Akiko, mtoto wa mkulima, anajifanya mvulana anajiunga na ninja ili alipe kisasi, manake baba yake alisingiziwa wizi akapigwa bunduki na shogun. Rafiki yake mkubwa ni geisha. Ndani ya Akiko kuna mbweha wa mikia tisa, alimuingia akiwa mdogo, na toka siku hiyo majirani wakaacha kuja kwao kuomba moto wala chumvi. Sasa nimekwama. Kwanza sijui hawa yokai, viumbe wa ajabu wa masimulizi ya Kijapani, niwaite majini, mashetani au mizimu. Pili rafiki zangu wawili wananiambia naiba utamaduni wa watu niandike ya kwetu, mwingine anasema badili majina tu iwe nchi ya kubuni mambo yaishe. Tatu mama kasoma sura mbili kasema hayo ni mambo ya kishetani niachane nayo. Nifute au niendelee?"

Marahaba mdogo wangu, na kabla ya yote usifute kitu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka kidogo (utanisamehe, ntakwambia nilichocheka), mara ya pili nikasimama pale kwenye majirani walioacha kuja kuomba moto, na sijaondoka hapo mpaka sasa. Umeniuliza maswali matatu ila yote naona yametoka kwenye hofu moja, kwamba Japani umeijulia kwenye anime, zile katuni zao, na siku mtu akikubana utakosa la kusema. Sasa mimi miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye kuhariri riwaya za vijana na kusoma historia ya huko, na nakwambia hofu hiyo ina dawa, tena nusu ya dawa unayo wewe hapo Tanga.

Tuanze na nilichocheka, tarehe. Mwaka 1200 mkulima wa Japani hajawahi kuiona bunduki wala kuisikia. Ziliingia mwaka 1543 kwenye kisiwa cha Tanegashima kule kusini, wameshuka nazo Wareno waliokuwa kwenye chombo cha Kichina, hao hao Wareno ambao pwani yetu iliwapokea Malindi mwaka 1498. Shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, naye tatizo. Minamoto no Yoritomo alipewa cheo hicho mwaka 1192, akafariki 1199, mwanawe Yoriie hakukabidhiwa mpaka 1202, kwa hiyo huo mwaka wako wa 1200 kiti kitupu, hamna shogun wa kumpiga mtu hata kofi. Ninja tunaowajua, wale wa maeneo ya Iga na Koka, wanaonekana sawasawa karne ya 15 na ya 16. Na geisha wa kike ni wa katikati ya miaka ya 1700, tena waliotangulia kuitwa geisha walikuwa wanaume, wapiga ngoma na wachekeshaji wa karamu. Umechukua miaka mia tano na hamsini ukaipika sufuria moja. Ni kama mtu aandike Kilwa ile ya mwaka 1331 Ibn Battuta anashuka bandarini, halafu jioni mhusika anapanda treni ya reli ya kati kwenda Kigoma, sisi tungesoma tukaangaliana.

Utasema si ni fantasia, naruhusiwa. Unaruhusiwa ndiyo, ila msomaji wa fantasia anakukubalia uongo mmoja mkubwa kwa masharti kwamba vingine vyote vikae sawa, akishaona hata vya kawaida vimeyumba basi na mbweha wako hamwamini tena. Kwa hiyo chagua wakati mmoja uingie nao mzima mzima.

Ukibaki 1200, unapoteza bunduki, ninja na geisha, lakini angalia unachopata. Kulikuwa na wacheza ngoma wa kike wanaitwa shirabyoshi, walikuwa wanacheza wamevaa mavazi ya kiume, kofia ndefu nyeusi kichwani na upanga kiunoni, hadharani kabisa mbele ya mabwana. Mmoja wao, Shizuka Gozen, alilazimishwa mwaka 1186 kucheza Kamakura mbele ya Yoritomo ambaye ndiye alikuwa anamsaka Yoshitsune, mpenzi wa huyo Shizuka, na inasimuliwa akasimama pale pale akaimba wimbo wa kumlilia huyo huyo anayesakwa. Na mjane wa Yoritomo, Hojo Masako, ndiye aliyekuja kushika mambo mpaka watu wakamwita shogun mtawa. Binti anayevaa kiume kwenye dunia hiyo wala hahitaji ninja.

Ukienda 1581 bunduki zipo, ninja wapo, tena huo ndo mwaka bwana wa vita Oda Nobunaga aliiteketeza Iga. Ila Nobunaga hakuwahi kuwa shogun, na shogun wa mwisho wa ukoo wa Ashikaga alishafukuzwa Kyoto mwaka 1573, kwa hiyo muuaji wako abadilike cheo. Mwaka huo huo pia Mwafrika Yasuke alifikishwa mbele ya Nobunaga, bwana mkubwa hakuamini rangi yake akaamuru avue nguo za juu asuguliwe aone kama weusi utatoka, halafu akamchukua kwenye utumishi wake. Najua mkono utakuwasha kumuingiza. Asipokuwa na kazi kwenye stori muache, wameshamsumbua vya kutosha.

Mlango wa tatu ndo ninaokusukumia, na sababu ni wale majirani.

Eneo la Izumo, ambalo leo ni mkoa wa Shimane, karne za 18 na 19 kulikuwa na familia zinazoitwa kitsune-mochi, wenye mbweha. Tafsiri yake kwa Kiswahili cha mtaani kwenu hata hainisumbui: wanafuga mbweha, kama tunavyosema fulani anafuga majini. Kijiji wote mnalima mpunga, wote mnahangaika na kodi, ghafla nyumba moja inaanza kukopesha watu, mwaka wa pili inashika mashamba ya walioshindwa kulipa, mwaka wa tatu inajenga ghala. Watu wanaulizana hela imetoka wapi, anajitokeza mtu anasema mbona ile nyumba ina mbweha. Wadogo wadogo, hawaonekani, sabini na tano kwa desturi ya masimulizi ya huko, wanatoka usiku wanahamisha mali za majirani na kuziingiza kwa bwana wao, na ukiikosea ile familia wanakupanda. Na balaa lenyewe linarithiwa kwa upande wa kike, mama kwa binti, kwa hiyo hakuna anayeoa kwao. Hili halikuwa hadithi ya kulalia, mabinti wa watu walikosa ndoa kwa sababu hiyo kizazi hadi kizazi.

Sasa rudi kwenye sura yako. Majirani hawaji kuomba moto. Hiyo kwenye anime hukuiona, umeitoa uswahilini, na bila kujua umegonga penyewe. Ila umeiweka kwenye mistari miwili ukakimbilia mapanga! Irudie. Nataka niione nyumba, nione binti anayetumwa na mama yake kwa Akiko kurudisha ungo, anauweka nje ya mlango bila kubisha hodi, anarudi kinyumenyume. Nataka nimuone Akiko anausikia ule ungo ukiguswa ardhini.

Na ukiingia kwenye kupandwa kwenyewe, usimpe mbweha macho mekundu na mkia wa moto. Aliyepandwa alikuwa anaitiwa mtu wa kazi hiyo, mara nyingi yamabushi, hawa wacha Mungu wa milimani, anakaa mbele ya mgonjwa anasoma dua zake halafu anaanza kuhoji: wewe ni nani, umetoka nyumba gani, unataka nini. Na mbweha anajibu kwa mdomo wa mgonjwa, anaomba wali uliopikwa na maharage mekundu, anaomba tofu ya kukaangwa, akila anaahidi kuondoka. Mtu wa pwani aliyewahi kukaa nje ya nyumba inayopigwa ngoma ya pepo, akasikia kiti, yaani aliyepandwa, kinaulizwa jina na kuomba halua, si hafundishwi hii? Swali la hatari ni lile la katikati, umetoka nyumba gani. Mbweha akitaja nyumba, nyumba hiyo imekwisha. Hapo una sura nzima ya mahakama bila hakimu, tena jina litakalotajwa wewe ndo unalichagua.

Ila hapa hapa nikuonye, kufanana huku kusikulevye ukaishia kuandika Tanga na kuivalisha kimono. Jini kwetu ana mahali pake kwenye dini, kaumbwa kwa moto, yupo aliyesilimu na ambaye hajasilimu, atahesabiwa. Shetani ndo kabisa, ukimwandika msomaji anamuona adui wa Mungu. Mbweha wa Japani hana kesi ya namna hiyo. Yule yule anayekupanda Izumo, ndugu zake ni wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga, sanamu zao zimekaa kwenye mahekalu nchi nzima wamefungwa vitambaa vyekundu shingoni, kule Fushimi Inari Kyoto unapita chini ya maelfu ya malango mekundu ukielekea mlimani. Anakula panya wa mashambani, kwa hiyo mkulima anamheshimu, na anamwogopa pia. Yokai wengi wako hivyo, swali la kumuuliza yokai ni "una utaratibu gani", ukiujua mtaishi. Kappa wa mtoni anavuta watoto ndani ya maji kama chunusi wetu, ana kisahani cha maji utosini ambacho ndo nguvu zake, lakini ana adabu kupita kiasi, ukimuinamia kumsalimia naye lazima ainame, maji yanamwagika, kaisha. Chunusi wa kwetu hana adabu hiyo.

Basi kwenye neno: acha yokai libaki yokai. Kiswahili kimeshameza karate na tsunami hakijapaliwa. Mpe ngeli ya watu, yokai anakuja, yokai wamekuja, usiweke maelezo ya pembeni, msomaji ataelewa kwa anachokiona. Oni ukitaka unaweza kumwita zimwi, wanaendana vizuri tu, jitu lenye pembe linalokula watu, na hata methali zetu zinalijua. Mzimu usitumie kiholela manake kwetu una ukoo, ni wa mababu. Mzuka ungefaa kwa mtu aliyekufa na hasira zake lakini vijana wa sasa mzuka kwao ni raha ya muziki, utawachekesha mahali pa kutisha. Na "mbweha" pia mwangalie, msomaji wako akisoma neno hilo kichwani anamuona bweha wa porini kwetu, yule mwenye mgongo mweusi. Sentensi moja mapema ya manyoya ya rangi ya chungwa na ncha nyeupe ya mkia itakuokoa.

Saa nayo ni zawadi yako. Japani ya wakati ule walikuwa wanagawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, mchana wao unaanza alfajiri na usiku unaanza giza likiingia, kwa hiyo wewe unayehesabu saa moja asubuhi jua linapotoka uko karibu nao kuliko Mzungu anayeanza siku usiku wa manane. Ile saa ya ng'ombe ambayo anime zote zinaitaja ni kati ya saa saba na saa tisa usiku. Ndo saa mwanamke mwenye kinyongo anatoka amevaa nyeupe, kichwani kapachika kiguu cha chuma cha kutelekea sufuria amekigeuza miguu juu, kila mguu mshumaa, anakwenda hekaluni kugongomelea kidoli cha majani ya mpunga kwenye mti mkubwa, usiku saba mfululizo, na akionekana na mtu imeharibika. Na magharibi wana neno lake, tasogare, ambalo asili yake ni swali: yule ni nani? Saa ambayo mtu anakuja njiani humtambui sura. Mama yako si alikuwa anakuingiza ndani saa hiyo hiyo? Basi.

Baba wa Akiko nimemwacha makusudi. Kauliwa kwa kusingiziwa, halafu kwenye sura tisa amelala kimya tu kaburini, kwa nini? Kwenye imani ya huko aliyekufa na dhuluma ndiye wa kuogopwa kuliko yokai yeyote. Mwaka 903 msomi na mkubwa wa serikali Sugawara no Michizane alifia Dazaifu alikohamishiwa kwa fitina. Waliomfitini wakaanza kufa, mwaka 930 radi ikapiga ndani ya kasri la mfalme ikaua watu, na wote wakajua ni nani. Wakafanyaje? Walimrudishia cheo. Wakamfutia hatia, wakaendelea kumpandisha madaraja akiwa marehemu, wakamjengea hekalu la Kitano mwaka 947, na leo ni mungu wa elimu, wanafunzi wanaokaribia mtihani ndo wanajaa kwake. Ona hapo, hasira ya marehemu ilitulizwa na barua ya serikali. Sasa Akiko akimkata muuaji upanga, baba atatulia? Kwa utaratibu wa dunia hiyo hatatulia mpaka jina lake lisafishwe, na mkulima hana mtu wa kumsafishia jina. Kisasi chako kikigeuka kuwa hicho, nakuhakikishia sura ya kumi itakuja yenyewe.

Ukihamia Izumo ya miaka ya 1700 shogun atakuwa mbali sana, Edo (Tokyo ya leo), hamuonani. Muuaji awe mtu wa kijijini, na bunduki ibaki, manake vijijini wawindaji walikuwa nazo kwa kibali, za kufukuzia nguruwe pori. Geisha wako awe Edo. Na kujifanya mvulana kutapata sababu ya kweli: kwenye vizuizi vya barabara ya Tokaido, Hakone na Arai, askari walikuwa wanasaka hasa vitu viwili, bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka, kwa sababu wake za mabwana walishikiliwa mjini kama dhamana ili waume zao wasiasi. Mwanamke bila kibali hapiti. Wewe una binti, una bunduki, una rafiki wa kutoroshwa, na ulikuwa unavitafutia ninja!

Kuhusu kuiba. Mbweha wa mikia tisa mwenyewe Wajapani walimpata China, kwa hiyo kupokezana si dhambi, kinachokera ni kuchukua bila kusoma. Hata hivyo mahekalu ya Inari si magofu, watu wanaingia kuomba leo, usimfanye mbweha wa hekaluni kichekesho. Na Waainu wa kaskazini na watu wa visiwa vya Ryukyu kule kusini wana ya kwao, usiwachanganye humu kama viungo. Wazo la nchi ya kubuni silikatai, ila rafiki yako anadhani litakupunguzia kazi, wakati linaongeza, utalazimika kubuni kodi, chakula na vyeo vyote mwenyewe, maana hivyo ndo vinavyomsukuma mtu afanye jambo. Huko mali ilipimwa kwa koku, kilo 150 hivi za mchele, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Nchi yako ya kubuni itapimia nini? Ukiwa na jibu, nenda. Na hao wanaosema andika ya kwetu, waambie utaandika, riwaya ya pili.

Mama yako usibishane naye. Kaa naye, msomee kwa sauti hiyo sura ya majirani ukishairudia, halafu muulize kama amewahi kuona nyumba iliyotengwa hivyo. Nina hakika atakupa vitu ambavyo mimi sina. Akibaki na msimamo wake baada ya hapo ni wa kuheshimiwa, ya imani yake mimi siwezi kumjibu kwa barua, mwenye kumjibu ni mtu anayemwamini huko huko kwenu.

Na mimi pia usiniishie. Mswada ukikamilika mtafute mtu aliyekulia Japani au aliyeishi huko miaka, uso kwa uso, mkae na kurasa mezani. Vyuo vinavyofundisha Kijapani huku kwetu vipo, na ubalozi wa Japani Dar wanazoea maswali ya utamaduni. Mpe sura tatu tu, usimtupie zote, na umuulize wapi alisita kusoma. Ukiletewa mkataba wa uchapishaji usisaini siku hiyo, upeleke kwanza kwa mwanasheria ausome, hata kama anayekuletea ni rafiki.

Halafu jina. Majina yenye "-ko" mwishoni zama hizo yalikuwa ya mabinti wa wakubwa, kama huyo Masako. Mtoto wa mkulima aitwe Kiku, au Matsu, au Haru. Mi ningemwita Kiku. Rudia sura ya ungo ukitumia jina hilo uone kama anageuka ukimwita, kisha nitumie.